Kidole Juu ya Kioo

Jaza maji kwenye glasi, ishike kwa kuibana kidogo, kisha chungulia kwa juu, macho yapite majini hadi ubavuni vilipo vidole vyako. Ukuta wa glasi utaonekana kama umepakwa rangi ya fedha. Ila pale kidole kinapobana, mistari ya ngozi inajitokeza, tena kwa uwazi kuliko ukikitazama kidole chenyewe.

Sababu yake ni hii: mwanga ulio ndani ya maji na kioo ukifika kwenye hewa kwa mshazari mkali, hautoki, unarudi wote ndani. Ngozi ikigusa kioo, hewa haipo tena hapo, na mwanga unamezwa na ngozi. Sasa ncha ya kidole ina matuta na mifereji. Tuta linagusa, mfereji haugusi. Tuta linaonekana, mfereji unabaki kung'aa. Mashine nyingi za alama za vidole kwenye kaunta za uhamiaji hufanya hivyo hivyo, ila badala ya maji zina kipande cha kioo, na badala ya jicho zina kamera.

Matuta hayo huanza kuumbika tumboni mwa mama, mnamo wiki ya 10 ya mimba. Urithi huchangia sana umbo la jumla, lakini mahali hasa tuta linapokoma au kugawanyika hutegemea namna ngozi ilivyokua wakati ule, ndiyo maana hata mapacha wa kufanana hutofautiana. Mzizi wa matuta uko chini ya ngozi ya juu. Fundi aliyeliwa vidole na saruji hukataliwa na mashine leo, lakini akipumzika wiki chache alama zinarudi zilezile.

Mashine haina haja ya picha nzima. Inaandika mahali matuta yanapokoma na yanapogawanyika, ikapata orodha ya nukta kadhaa. Kulinganisha vidole viwili ni kulinganisha orodha mbili, na hazilingani kikamilifu hata siku moja, kwa sababu ngozi hutanuka kivingine kila inapobonyezwa. Lazima basi mtu aamue: ufanano ukifika wapi tuseme ni yuleyule? Akibana masharti sana, fundi wetu anakwama mpakani. Akilegeza, anapita asiyehusika.

Na hapo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, huyu ndiye mwenye pasipoti hii? Kidole kinalinganishwa na kimoja tu. La pili: huyu ni nani? Kidole kinalinganishwa na vyote vilivyohifadhiwa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mashine inakosea mara 1 katika kila ulinganisho milioni 1. Kwa swali la kwanza kosa hilo ni dogo mno. Kwa swali la pili, ndani ya kanzidata ya watu milioni 50, kidole kimoja kitaleta wastani wa watu 50 wasiohusika. Kupima vidole vingi kwa pamoja kunapunguza kosa hilo sana, lakini kanuni inabaki: kanzidata ikikua, wanaofanana wanaongezeka. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI ilimkamata wakili mmoja wa Oregon kwa alama iliyohusishwa na tukio hilo, iliyofanana mno na yake, na wataalamu wa FBI wakaithibitisha kwa macho. Alikaa kizuizini wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipomtambua mwenye alama hiyo.

Kwa hiyo kugusa kioo si jambo kubwa. Kubwa ni alama ile inakwenda kukaa wapi. Mjerumani hutoa vidole viwili kwa ajili ya pasipoti, vikahifadhiwa kwenye chipu iliyomo humo, na sheria ya nchi yake inakataza kuviweka kwenye kanzidata ya taifa. Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya Schengen hutoa vidole vyote kumi, vikawekwa kwenye kanzidata ya Ulaya hadi miaka 5. Sayansi ni ileile. Japani nayo, tangu Novemba 2007, huchukua alama za wageni wanaoingia, raia wake wakipita bila kuguswa. Waliosamehewa ni pamoja na wakazi wa kudumu maalumu, wengi wao Wakorea, ambao wenzao waligoma miaka ya 1980 kutoa alama za usajili wa wageni, wengine wakafikishwa mahakamani.

Sidhani kwamba kuna mataifa yanayopenda faragha na mengine yasiyoijali. Kila mtu huijua faragha kidole kinapokuwa chake. Nchini Kenya, kuanzia 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kitambulisho kilichoitwa kipande, chenye alama za vidole, wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Serikali ya kikoloni haikuona tatizo. Sheria ya 1947 ilipotaka watu wa rangi zote watoe alama, walowezi wa Kizungu wakaja juu: wanafanywa kama wahalifu! Ikaundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, nayo mwaka 1950 ikapendekeza kwamba anayejua kuandika aruhusiwe kutoa sahihi na picha badala ya vidole.