Siri Katika Ujumbe wa Simu

Mwanafunzi wa Bahi ampelekeapo rafiki picha kwa WhatsApp, simu yake huigeuza kuwa fumbo, na simu ya mpokeaji pekee ndiyo iwezayo kulifumbua. Tangu 2016 hata kampuni yenyewe haiwezi kulisoma njiani.

Lakini fumbo hulinda njia tu. Picha ikiisha kufika, ulinzi wake umo mikononi mwa mpokeaji. Akiwapelekea watu 5, na kila mmoja akafanya vivyo hivyo, hatua ya nne itawafikia watu 625. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yampa mtu haki juu ya taarifa zake, bali haizikusanyi picha zilizokwisha kutawanyika. Siri hulindwa kabla ya kupeleka.

Swali: Kila mmoja akiwapelekea watu 3, hatua ya nne itawafikia wangapi?