Breki za Baiskeli ya Mzigo

Katika nchi yetu hii ya mpakani, Busia na Malaba, baiskeli imekuwa mtumishi wa watu kwa miaka mingi. Hapa ndipo lilipozaliwa jina la boda boda, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipokuwa wakichukua abiria na mizigo yao toka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini mahindi, mihogo, maziwa na majani ya ng'ombe bado huenda kwa baiskeli katika mashamba mengi. Basi somo la mwezi huu ni juu ya breki.

Kwanza tufanye hesabu. Baiskeli ile nzito ya chuma ina uzito wa kilo 20 hivi. Mwendeshaji ana kilo 60. Gunia la mahindi ni kilo 90. Jumla ni kilo 170, zaidi ya mara mbili ya baiskeli isiyo na mzigo. Breki zile zile zilizokusimamisha vizuri jana ulipokwenda mtupu, leo zitahitaji masafa zaidi ya mara mbili. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, masafa ya kusimama huwa mara nne. Nawe ujue kwamba kwenye barabara ya Malaba malori husimama kwa mstari mrefu yakingoja kuvuka, na mtu aweza kutokea kati ya lori na lori bila wewe kumwona.

Wengi wetu tuna baiskeli zenye breki za fimbo za chuma. Ukivuta mkono wa breki, fimbo huinua kipande cha chuma kilichopinda, nacho hubana raba mbili kwenye uso wa ndani wa rimu, ule unaoelekea spoki. Breki hizi ni za kudumu, wala si ngumu kutengeneza. Geuza baiskeli juu chini, uzungushe gurudumu. Likiwa si la mviringo kamili, raba zitagusa mahali pamoja na kuachia pengine. Hapo hapana budi fundi akaze spoki kwanza. Kisha legeza nati inayounganisha fimbo mbili, sogeza raba mpaka zibaki milimita 3 hivi kutoka kwenye rimu, halafu kaza sana. Raba zote mbili ziguse kwa wakati mmoja. Ukivuta mkono wa breki kwa nguvu zako zote, usifike kugusa usukani. Ukigusa, breki hiyo bado haijafungwa sawasawa.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Kile kikombe cha chuma kinachoshika raba kimefungwa upande mmoja na kiko wazi upande mwingine. Sukuma gurudumu kama linavyokwenda mbele, utazame rimu inapita kuelekea wapi mahali pale penye raba. Upande uliofungwa uelekee huko. Ukiuweka kinyume, rimu itaichomoa raba yenyewe siku utakapobana kwa nguvu, na kwa kawaida siku hiyo ni ya mteremko.

Wako watu wanaofungua breki ya mbele na kuitupa, wakisema itawarusha. Si shauri jema. Ni kweli kwamba mzigo ulio nyuma hulikandamiza gurudumu la nyuma, na hivyo breki ya nyuma hufanya kazi kubwa zaidi kuliko kwa baiskeli tupu. Tena juu ya changarawe gurudumu la mbele likikwama huteleza. Lakini fimbo moja ikikatika utabaki na nini? Kukanyaga tairi kwa kandambili si breki. Tumia zote mbili, ukianza na ya nyuma.

Wakati wa mvua rimu ya chuma huwa telezi sana. Kabla ya kufika kwenye mteremko, bana breki kidogo kidogo ili raba zifute maji. Mafuta yatiwe kwenye viungo vya fimbo tu. Yakidondoka kwenye rimu, yaoshe kwa sabuni.

Sasa juu ya mikono ya breki. Mtu asukumaye baiskeli yenye gunia hutembea upande wa kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye mzigo. Kwa hiyo afikia mkono mmoja tu wa breki. Hakikisha huo wa kushoto ndio wa breki ya nyuma, kama baiskeli nyingi za namna ya Kiingereza zilivyo. Wewe ukizoea kutembea kulia, na breki zako ni za waya, fundi aweza kuzibadilisha.

Baiskeli za mitumba zenye usukani uliopinda chini huwa na taabu nyingine: mikono ya breki iko mbali, na mwenye kukaa wima haifikii upesi. Kwa hizo iko mikono ya ziada, ambayo hufungwa karibu na katikati ya usukani. Hukaa katikati ya waya, na ukiibana husukuma ala ya nje, hata waya wa ndani ukavutika. Ile ya zamani huendelea kufanya kazi kama kawaida. Waya uwe mpya, na ala yake ikatwe sawa, isiwe na kona kali.

Mwisho, kata ukanda wa tyubu kuukuu, uuvishe kwenye usukani. Unapopakia gunia, bana breki kisha uvute ukanda huo juu ya mkono wa breki. Baiskeli haitakukimbia. Ukiisha kufunga mzigo, toa ukanda, jaribu breki mahali tambarare hatua kumi, ndipo ushike barabara.