Mikese na Mzigo wa Mpagazi: Zoezi kwa Walimu wa Historia

Mwalimu wa historia aombapo zana za kufundishia, kwa kawaida hufikiria ramani za ukutani na vitabu. Vyote vyafaa. Lakini Mikese, mashariki ya mji wa Morogoro, pana zana isiyohitaji kununuliwa: stesheni ya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Zoezi lifuatalo yafaa walimu walifanye wenyewe kwanza, katika vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), kabla ya kulipeleka darasani. Warsha nyingi hueleza mbinu kwa saa nzima na kuzijaribu kwa dakika tano.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Mto Rufiji. Waingereza walipokwisha kuitengeneza reli iliyobomolewa, Mikese ikawa mahali pa kushushia shehena. Chakula, risasi na dawa vilitoka hapo kwenda kusini, kwa njia ya mashariki ya Milima ya Uluguru, hadi Dutumi na kuendelea. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Motokaa zilikwama topeni, na mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Basi mzigo ukabebwa na watu.

Hapa hesabu inaingia katika historia. Tuchukue kwamba mpagazi hubeba kilo 25 za unga, naye hula kilo 1 kwa siku. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, atakula kilo 10, na zitakazofika ni 15. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, zitafika kilo 5 tu. Akienda siku 12, itafika kilo 1.

Sasa waulizeni wanafunzi: askari 1,000 walio mwendo wa siku 10 kutoka Mikese, kila mmoja akila kilo 1 kwa siku, wahitaji wapagazi wangapi? Kila siku sharti wafike wapagazi 200. Kila mpagazi huwa njiani siku 20, kwa hiyo jumla ni 4,000. Kwa mwendo wa siku 5 wangetosha kama 670. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka karibu mara sita! Na mfano huu umerahisishwa mno: hauhesabu risasi, wala wagonjwa, wala mito iliyofurika.

Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mwenyewe hataona ajabu kwamba watu walikamatwa kwa nguvu vijijini, kwamba posho ilipunguzwa, na kwamba wengi walikufa. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki hukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Kikosi chao ndicho kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, ina umbo la askari mwenye bunduki. Mpagazi anatajwa katika maandishi ya chini.

Vitabu vinawataja majenerali kwa majina. Majina ya wapagazi, kama yako popote, huenda yako katika nyumba za Mikese, Matombo na Kisaki. Walioyaona mambo yale wamekwisha kufariki. Tutakachopata ni masimulizi ya wajukuu na vitukuu, nayo yana thamani yake iwapo yatapokewa kwa uangalifu. Mwanafunzi aandike mzee alisikia nini, kwa nani, akiwa na umri gani. Asiulize, “Je, babu alikamatwa kwa nguvu?” kwani swali hilo limebeba jibu lake. Aulize, “Babu aliondokaje nyumbani?” Masimulizi mawili yakipingana, yote yaandikwe, mwalimu asiharakishe kuchagua moja. Mara nyingine mzee atakuwa anasimulia habari za vita vya 1939 hadi 1945, na kulitambua hilo ni sehemu ya somo.

Ziara ya stesheni ifanywe kwa ruhusa ya mkuu wa stesheni, na mwanafunzi yeyote asikanyage relini. Daftari la masimulizi libaki shuleni, ili kidato cha mwaka ufuatao kiwarudie wazee wale wale na maswali mapya.