Sukuma wiki, haradali na tezi ya shingoni

Mama mmoja mkulima wa Burat, Isiolo, alinijia akiwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Jirani alikuwa amemwambia kwamba sukuma wiki ndiyo iletayo rovu. Basi akaacha sukuma, akaacha na spinachi, lakini kabeji aliendelea kuila! Msomaji, hapo ndipo elimu ya jamii za mimea inapotufaa.

Sukuma wiki, kabeji, koliflawa na brokoli ni mmea wa aina moja, Brassica oleracea. Wakulima waliubadilisha kwa kuchagua mbegu kizazi hadi kizazi, hawa wakitaka majani, wale maua. Mmea huo umo katika jamii ya haradali, Brassicaceae, pamoja na figili. Jina la zamani la jamii hiyo ni Cruciferae, yaani wabeba msalaba. Acha sukuma moja shambani itoe maua, kisha uchunguze: petali nne zimekaa kama msalaba, na ndani mna stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Spinachi yetu haimo humo. Hiyo ni ndugu ya mchicha.

Jamii hii ina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Jani likikatwa au kutafunwa, kimeng'enya huzivunja na ndipo ukali wa haradali hutokea. Mimea mingine ya oda hiyo hiyo, Brassicales, inazo pia: mgagani, mpapai, hata mti wa mswaki unaoota katika nchi kame za Isiolo. Tafuna mbegu ya papai utaonja ukali ule ule.

Baadhi ya kemikali zinazotokana na kuvunjika huko huizuia tezi kunyonya iodini. Jirani, basi, hakubuni. Lakini moto wa kupikia huharibu kimeng'enya, na mtu apataye iodini ya kutosha hadhuriki na sahani ya sukuma iliyopikwa.

Nikamwuliza mama hutumia chumvi gani. Akajibu: ya mawe, ile ya mifugo. Nilimshauri anunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, arudie sukuma yake, na nikampima damu kuona hali ya tezi. Nawe ukiwa na uvimbe shingoni unaokua haraka, unaobana pumzi au kukukwaruza sauti, nenda hospitali wiki hii.