Ukipenda Mlimani, Watazame na Nduguze
Kijitabu kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Handeni na Korogwe

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, jina linalotajwa kwanza ni Mlimani. Lina haki ya kutajwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, na heshima yake imejengwa kwa miaka mingi. Tatizo ni kijana kuomba chuo hicho kimoja tu, akakosa, kisha dirisha linalofuata likafunguliwa wakati kozi zenye ushindani zimeshajaa.

Vyuo vilivyotoka Mlimani

Vyuo vikuu kadhaa vyenye jina nchini vilikuwa sehemu ya Mlimani. Muhimbili kilikuwa kitivo chake cha tiba, baadaye chuo kishiriki, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Sokoine cha Morogoro kilikuwa kitivo chake cha kilimo hadi mwaka 1984. Ardhi nacho kilikuwa chini yake tangu 1996, kikajitegemea 2007. Mtoto wa Kabuku au Mkata aliyekulia kwenye mahindi, machungwa na mifugo, naye anapenda sayansi ya kilimo, akienda Sokoine hajashuka daraja hata kidogo.

Kwa wanaotaka ualimu habari ni njema zaidi. Mkwawa kilichopo Iringa na DUCE kilichopo Chang'ombe ni vyuo vishiriki vya Mlimani, na shahada yao hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazazi, binti akipata Mkwawa msimwambie amekosa Mlimani.

Anza na kozi

Jiulize kwanza unataka kusoma nini, halafu tafuta vyuo vinavyoifundisha vizuri. Chukua mfano wa udaktari. Sifa ya chini kwa mwenye PCB ni ufaulu wa D au zaidi katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hiyo ni sifa ya kuruhusiwa kuomba. Ushindani wa Muhimbili huwa juu zaidi ya hapo. Lakini udaktari unasomwa pia Dodoma, Bugando jijini Mwanza, na KCMC mjini Moshi, ambako basi kutoka Korogwe hupitia Mombo na Same tu. Bugando na KCMC ni hospitali kubwa za rufaa za kanda, na mwanafunzi wa tiba hujifunzia wodini. Uliza ada mapema, kwa sababu vyuo visivyo vya serikali kwa kawaida hutoza zaidi.

Chuo chochote unachokifikiria, kihakiki kwenye Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huo. Humo mna kozi zilizoidhinishwa na sifa za kujiunga. Kozi isiyomo, achana nayo, hata tangazo lake likipendeza namna gani.

Unapojaza maombi

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo. Omba vyuo kadhaa: kimoja cha ndoto yako, na vingine ambavyo alama zako zinaingia bila wasiwasi. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Hapa ndipo tunaposisitiza sana: ukijaziwa fomu steshenari, weka namba yako mwenyewe au ya mzazi, na usikubali mwenye duka akuchagulie kozi. Namba ya siri ikienda kwenye simu ya mtu mwingine, unaweza kupoteza nafasi uliyoipata kwa jasho.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huombwa kivyake. Kupata chuo hakumaanishi umepata mkopo, kwa hiyo anza kukusanya cheti cha kuzaliwa na nyaraka nyingine sasa.

Mwongozo wa TCU hupatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Usisubiri wiki ya mwisho kuusoma.