Waamuzi Wawili Kabla ya Talaka

Katika Sura Nisaa (4:36) Kurani Tukufu yafundisha kwamba ikihofiwa mume na mke watafarakana, aitwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Wakitaka suluhu, Mwenyezi Mungu atawapatanisha. Tazameni wakati uliotajwa: mfarakano ungali unahofiwa, mke hajafunga mizigo yake.

Huku Ufipa aya hii huleta swali zito. Aliyesilimu Sumbawanga huenda akawa Mwislamu pekee katika ukoo wake, na wakweze huko Laela au Matai ni Wakatoliki. Je, mjomba wa mke asiye Mwislamu aweza kuwa mwamuzi? Wako wanavyuoni wa fiqhi walioshurutisha Uislamu. Lakini Kurani hiyo hiyo (5:6) imeruhusu kuoa wanawake wa Watu wa Kitabu, na jamaa za mwanamke wa namna hiyo watakuwa nani kama si Watu wa Kitabu? Kwa maoni yangu, mjomba mwenye busara asizuiwe kuketi na kusema. Anayefaa kuzuiwa ni yule asiyeweza kusikia baya la mtu wake, au anayedai bado kinyongo cha mahari.

Wala mwamuzi hana ruhusa ya kumrudisha mwanamke anayepigwa kwenye nyumba ya mapigo, kisha akaiita hiyo suluhu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka usuluhishi. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka Baraza la Usuluhishi la Ndoa lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha wawili hao. Baraza hilo huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kikao cha jamaa hakichukui nafasi ya hati yake.

Na watoto? Imam Malik amesimulia katika Muwatta kwamba Hadhrat Umar r.a., baada ya kumwacha mke wake, alimwona mwanawe Asim huko Kuba akamchukua. Bibi mzaa mama akamfuata, wakafika kwa Khalifa Abubakar r.a., naye akaamua mtoto aachiwe bibi. Umar, mtu mkali kama tumjuavyo, hakujibu neno.

Sheria ya 1971 hutanguliza maslahi ya mtoto, na huchukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 hufaa kukaa na mama, ila ikithibitishwa vinginevyo. Kurani (2:234) yakataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Hata akikaa kwa mama, matunzo yabaki juu ya baba. Basi waamuzi wasiishie kusema “baba atasaidia”. Waandike: magunia mangapi ya mahindi baada ya mavuno, nani atanunua sare na madaftari, nani sweta la baridi ya Juni, na mtoto atakwenda kwa baba yake likizo ipi.