Kwa Nini Kazi Ndogo Huahirishwa?

Katika mashamba ya migomba ya Ngara na Biharamulo ipo kazi ya dakika chache: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, mara chana ya mwisho itokeapo. Wadudu huchukua bakteria wa mnyauko kutoka ua hadi ua. Kisu nacho huwaeneza. Mkulima ajua hayo, lakini husema, "Kesho." Kumwita mvivu hakuelezi kitu. Mtafiti wa Marekani, George Ainslie, alieleza mwaka 1975 kwamba faida iliyo mbali hupungua thamani machoni pa mtu. Taabu ni ya leo. Mkungu ni wa miezi ijayo, na mgomba usiougua haumshukuru mtu. Tena mgomba ulioambukizwa hukaa wiki kadhaa bila dalili. Zionekanapo, hapana budi kuukata mgomba mzima.